Mlima wa Moto Si Picha ya Kalenda

Kuna hotuba moja ambayo sisi watu wa Ituri tumeisikia mpaka tunaweza kuimaliza kabla msemaji hajaimaliza mwenyewe. Mkubwa fulani anafika kutoka mbali, anasimama mbele ya watu, anahesabu mali ya Kongo: zahabu, shaba, mafuta, misitu. Kisha anafika kwenye utalii na sauti inapanda. Tuko na gorila! Tuko na volkano! Ulimwengu mzima utakuja! Watu wanapiga makofi, mkubwa anapanda gari lake, na sisi tunabaki na barabara yetu na vumbi lake.

Sisi tunaoandika kurasa hizi ni walimu wa sekondari hapa Bule. Utalii hatuupingi. Tunapinga ile namna ya kuongea juu ya mlima wa moto sawa vile ulisimama pale peke yake, bila jina, bila watu, bila maneno ya wazee, ukimngojea mgeni mwenye kamera. Na kwa kuwa kijitabu hiki ni cha mila na desturi, tunaona hapa njo mahali pa kusema jambo ambalo katika semina za utalii halisemwi: volkano ni urithi wa wanaolala chini yake mbele ya kuwa bidhaa ya mtu yeyote, na urithi huo umo katika majina, hadithi na ujuzi wao, si katika tikiti.

Tunajua swali litakalokuja. Mtu wa Bule anatafuta nini kwenye volkano ya Goma? Bule iko Djugu, juu ya nyanda zetu za baridi, na hakuna kilima hata kimoja hapa kinachotoa moto. Ni kweli. Lakini mwalimu wa jiografia akichora Bonde la Ufa la magharibi ubaoni, anaanza na ziwa lililo hapa chini yetu, kule Tchomia na Kasenyi, anashuka na mto Semliki, anapita Rwenzori na ziwa Edward, anafika Virunga, kisha Kivu, kisha Tanganyika. Ni ufa mmoja. Tetemeko la Toro la mwaka 1966, lililoua watu pande zote mbili za mpaka, lilitoka katika ufa huo huo. Tena mbuga ya Virunga yenyewe, ncha yake ya kaskazini, inagusa Ituri. Na mambo yanayofanyiwa urithi wa Goma njo yale yale yatakayofanyiwa wetu siku watakapokumbuka kwamba tuko.

Tuanze na majina, maana mtoto akizaliwa kitu cha kwanza ni jina.

Virunga ina milima minane mikubwa. Karisimbi njo mrefu kuliko yote, meta 4.507, na jina lake linatoka kwa neno la simbi, ile kauri nyeupe, kwa sababu kichwa chake kinakuwaka cheupe baridi ikishuka. Sabyinyo ni baba wa meno, na ukiona kilele chake kilivyokatika-katika hutauliza kwa nini. Muhabura ni yule anayeongoza njia, maana msafiri alimwona kutoka mbali. Gahinga ni kama fungu la mawe ambalo mkulima amelikusanya kando ya shamba. Mikeno, Bisoke, Nyamulagira, Nyiragongo. Huyu wa mwisho, sehemu ya kwanza ya jina lake, Nyira, ni ile inayofungua majina ya wanawake katika lugha za kule. Watu waliokaa chini ya milima hii waliiita sawa vile unavyoita jirani: huyu ana meno, huyu anaonyesha njia, huyu ni mama fulani, umwogope.

Halafu mwaka 1925 ikaja serikali ya Wabelgiji, ikapiga mpaka kuzunguka milima, ikaita mahali pale Mbuga ya Albert, kwa jina la mfalme wao. Ilikuwa mbuga ya taifa ya kwanza katika Afrika. Watu waliokuwa wanawinda, wanakata miti, wanazika wafu wao ndani yake, wakawa wezi katika nchi yao wenyewe. Jina la Virunga lilirudi mwaka 1969 tu, na mwaka 1979 Unesco ikaiandika katika urithi wa dunia. Wa dunia, sawa. Lakini mpaka leo mwanakijiji wa kando ya mbuga akiulizwa ni ya nani, mara nyingi atakujibu: ya wazungu.

(Wanafunzi wetu wanachanganyaka Alberti wawili. Albert wa mbuga ni mfalme wa Ubelgiji. Albert wa ziwa letu ni mwingine kabisa, bwana wa malkia Victoria wa Uingereza. Samuel Baker alimpa ziwa mwaka 1864. Kisha Mobutu akajipa yeye mwenyewe mwaka 1973, na alipoanguka 1997 tukarudishiwa Mwingereza. Kumbe ziwa lilikuwa na jina: wa Bunyoro wanaliita Mwitanzige, muua nzige. Jina hilo halikuulizwa hata mara moja katika safari hii yote.)

Sasa hadithi. Katika nchi zile za Virunga wazee walisimulia habari za Ryangombe, mwindaji mkubwa aliyeuawa na nyati. Baada ya kifo alipata makao juu ya milima, na wale waliokuwa wake, walioingia katika ibada yake, wakifa wanakwenda kukaa naye kwenye Karisimbi, mahali peupe na baridi. Wale waliokataa wanatupwa katika moto wa Nyiragongo. Angalia hesabu hii: milima miwili inaonekana kwa macho ya kila mtoto, mmoja mweupe, mwingine unawaka mwekundu usiku juu ya mawingu. Wamisionari walipokuja na habari za mbingu na jehanamu, walikuta watu tayari wana anwani ya kila moja.

Kuna ndugu zetu wahubiri ambao wakisikia hivi wanasema: huo ni ushetani, mtoto wa shule asifundishwe. Tunawajibu kwa heshima. Hakuna anayemwomba mtoto amwabudu Ryangombe. Wagiriki waliweka mhunzi wa miungu wao chini ya milima ya moto, na neno volkano lenyewe ni jina la mungu wa Waroma, Vulcanus. Mtoto wetu analisoma katika kitabu cha Kifaransa na hakuna mchungaji aliyekemea. Kwa nini mungu wa Roma ni elimu, na Ryangombe ni pepo?

Tena hadithi siyo mapambo. Ndani yake kuna ujuzi. Mfano mmoja unatosha, na ni mfano ambao kila mwalimu wa Kongo angepaswa kuutembea nao kifua mbele. Kule kati ya Goma na Sake kuna mashimo na mabonde madogo ambayo asubuhi, kama hakuna upepo, yanaua. Mbuzi anashuka kula majani, anaanguka. Mtoto anamfuata mbuzi, anaanguka naye. Watu wa pale waliita jambo hilo mazuku, upepo mbaya. Wanasayansi walipofika wakapima, wakakuta ni hewa ya kaboni inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inajikusanya chini kama maji kwenye bakuli. Na hawakuwa na neno lililo bora. Leo hii mtaalamu wa Italia au wa Japani anayeandika juu ya hewa hiyo anaandika paka hivyo: mazuku. Neno la wachungaji wa mbuzi wa Kivu limeingia katika sayansi ya dunia bila kuomba visa.

Je, neno hilo limeingia katika masomo ya mtoto wa Sake? Miaka ya hivi karibuni, vita vilipowasukuma watu kwa maelfu hadi pembeni ya Goma, wengi walijenga vibanda vya turubai upande wa Bulengo na Lac Vert, jirani kabisa na mashimo hayo. Walitoka Masisi, walitoka Rutshuru, hawakujua. Mwenyeji alijua. Lakini nani alimkalisha mwenyeji katika mkutano wa kupanga kambi? Huu njo utupu tunaousema. Ujuzi upo, jina lipo mpaka Japani, na mama amelaza mtoto chini kwenye shimo.

Turudi kwa Nyiragongo mwenyewe. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wake ulipasuka, na ziwa lote la lava lililokuwa ndani ya shimo likamwagika chini ya saa moja, likikimbia katika sehemu za juu mpaka kilometa 60 kwa saa. Watu wengi walikufa. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikala soko na kanisa kuu, ikaingia ziwani. Watu karibu 120.000 walibaki bila nyumba. Wataalamu wa hapa hapa walikuwa wameona dalili miezi mingi mbele, lakini nchi ilikuwa katika vita na hakuna aliyewasikiliza. Kisha jioni ya tarehe 22 Mei 2021, siku kumi na sita baada ya hali ya dharura ya kijeshi kuanza katika Kivu ya Kaskazini na katika Ituri yetu, mlima ukafunguka tena. Lava ilisimama Buhene, mlangoni mwa mji. Zaidi ya watu 30 walikufa. Hakuna onyo la serikali lililowafikia watu mbele ya moto.

Kwa nini? Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma kilianzishwa mwaka 1986, na wafanyakazi wake ni Wakongomani wanaoujua mlima ule kama mtu anavyojua homa ya mtoto wake. Lakini vyombo vilikuwa vinakula feza za mradi wa Banki ya Dunia. Mradi ulipoisha mwaka 2020, kituo kilikaa miezi bila intaneti, na vipimo vya mlima havikufika. Intaneti, bwana! Mlima huo huo ulikuwa unauzwa kwa wageni kwa tikiti ya dolari 300 kwa mtu mmoja. Tikiti moja inapita mshahara wa mwezi wa mwalimu wa sekondari. Watalii walipanda kuangalia ndani ya shimo na kulala juu, na wale waliopaswa kulichunguza shimo kwa ajili ya watu wa mji hawakuwa na njia ya kupokea vipimo.

Hatusemi kwamba wenye mbuga wamekula. Tuwe watu wa haki. Zaidi ya walinzi 200 wa Virunga wamekufa kazini kwa miaka hii, na wengi wao ni vijana wa kwetu. Mwezi wa Mei 2018 mlinzi Rachel Masika Baraka aliuawa akiwalinda wageni wawili Waingereza waliotekwa, na utalii ukafungwa mpaka mwaka uliofuata. Tunajua pia kwamba kutoka 2015 mtambo wa Matebe unaleta umeme, na mtu wa Goma anayewasha taa yake jioni anamshukuru mlima bila kujua. Shida yetu siyo na mlinzi. Shida ni na hesabu ambayo mwanakijiji haioni. Kama kwenye ukuta wa ofisi ya chefu wa Kibati, pale njia ya kupanda Nyiragongo inapoanza, kungebandikwa kila mwezi karatasi moja: wageni wangapi, feza ngapi, sehemu ya shule ngapi, sehemu ya kituo cha volkano ngapi, hata yule anayekata makala mbugani usiku angefikiri mara mbili. Mtu haibi katika ghala ambalo anajua ni lake.

Wengine watasema mifano hiyo haiko Afrika. Iko, tena karibu. Tunajua kwamba siku hizi kusifu kitu cha Rwanda hapa kwetu ni kutafuta maneno, hasa baada ya M23 kuingia Goma mwezi wa Januari 2025, na hatusifu siasa ya mtu. Lakini milima ni ile ile, Karisimbi ana mguu mmoja kila upande. Kule, kutoka mwaka 2017, sehemu kumi kwa mia ya mapato ya mbuga za taifa inatengwa kwa ajili ya watu wanaozunguka mbuga. Na kutoka 2005 wanafanya sherehe ya kuwapa majina watoto wa gorila, Kwita Izina, wakiiga desturi ya kumpa mtoto jina siku ya nane. Wageni wanatoka ulimwenguni kote kuiangalia. Walichukua desturi ya nyumbani wakaiweka mbele ya mnyama, na mgeni anarudi kwao akijua kwamba pale kuna watu na wanyama.

Sisi tunapenda zaidi mfano wa ng'ambo ya Semliki, maana ni wa jamaa zetu. Pale Sempaya, wilaya ya Bundibugyo ya Uganda, kuna chemchemi za maji yanayochemka mpaka mgeni anapika yai ndani yake. Joto hilo linatoka katika ufa wetu huu huu. Chemchemi moja inaitwa ya kiume, nyingine ya kike, na anayekupeleka atakusimulia habari ya mwanaume aliyepotelea pale na mke aliyemfuata. Ukienda karibu na Fort Portal, katikati ya maziwa madogo yaliyojaa katika mashimo ya volkano za zamani, watakuonyesha mawe yanayodondoka maziwa, Amabere ga Nyinamwiru, na utasikia jinsi baba yake Nyinamwiru alivyomkata matiti asiolewe, na jinsi alivyomzaa hata hivyo Ndahura, mfalme wa Bachwezi. Habari za Bachwezi! Kuna wazee wa Bahema huku kwetu wanaozijua tangu utotoni. Kule, kijana anayezisimulia analipwa na mtalii. Huku, mzee anayezijua anaambiwa anyamaze, redio inaongea.

Na sisi Ituri tumefanya nini? Tulikuwa na Mont Hoyo, kule Irumu, na mapango yake na maporomoko yake, na nyumba ya wageni iliyojulikana sana. Maporomoko yale yanaitwa mpaka leo Ngazi za Venus. Venus! Mungu-jike wa Waroma ameshuka ngazi katika msitu wa Ituri, na Wambuti wenye msitu hawakuulizwa wanapaitaje. Siku amani ikirudi na wageni wakirudi, tunaogopa tutawauzia hiyo Venus yao wenyewe.

Tunasikia tayari mtu anasema: walimu hawa wanaota. Kambi zimejaa, na wao wanaongea majina ya vilima. Mwezi wa Februari 2022, hapa Plaine Savo, hatua chache kutoka Bule, watu zaidi ya 60 waliuawa usiku katika kambi walimokimbilia. Tulizika. Hatuhitaji kukumbushwa. Ni kwa sababu hiyo hasa tunaandika. Mtu akifukuzwa kwenye kilima chake, mzee wake akafa kambini, jina la kilima linakufa naye na hakuna aliyesikia. Mtalii anaweza kungoja miaka kumi. Mzee wa kambini hangoji.

Kwa hiyo ombi letu kwa wale wanaoandaa kijitabu hiki ni dogo na halihitaji mradi. Toleo lijalo lisiandikwe na walimu peke yao. Liwe na majina ya vilima, mito na mawe kutoka Bule mpaka ukingo wa ziwa, kila jina na habari yake, kwa lugha yake, Kilendu au Kihema au nyingine, bila kuuliza nani alifika wa kwanza. Ugomvi huo umetumaliza vya kutosha. Na wanaotayarisha vitabu vya jiografia vya Ituri na Kivu waweke neno mazuku ndani, na hadithi ya Nyiragongo kando ya ramani ya Nyiragongo, si katika kitabu kingine ambacho hakijawahi kufika shuleni.

Kazi ya kwanza tumekwisha kuitoa. Wanafunzi wetu wa mwaka wa tano walitumwa kila mmoja kwa mzee mmoja, alete majina matatu. Wengine walileta mawili, wengine walileta jina la mto ambao kila mtu anaujua. Msichana mmoja anayekaa kambini alileta kumi na moja kwenye karatasi ya daftari, yote kutoka kwa nyanya yake: kilima cha kuangalia mvua inatoka wapi, jiwe ambapo wanawake walipumzisha mizigo wakitoka ziwani na samaki, bonde ambalo ng'ombe hapelekwi asubuhi. Tulimuuliza kwa nini asubuhi. Alisema nyanya hakueleza, atamuuliza tena. Tulitafuta majina hayo kwenye ramani kubwa iliyo ukutani mwa shule. Hakuna hata moja.